Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Kiwanda: Ubao wa Siku Bila Ajali Unatufundisha Kuficha Majeraha

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi

Dodoma

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Wajumbe,

YAH: KUZUIA AJALI KAZINI KWA KUJENGA TABIA SALAMA MIONGONI MWA WAFANYAKAZI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwendesha mashine katika kiwanda chenu cha kukamua mafuta ya alizeti. Nina miaka tisa kazini, na kwa miaka mitatu sasa wenzangu wamenichagua kuwa mwakilishi wao wa usalama na afya, nafasi iliyowekwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Kwa nafasi hiyo nimekwisha kuandika barua tatu kwa njia ya kawaida. Ya kwanza nilimkabidhi msimamizi wa zamu, ya pili niliipeleka kwa Ofisa Rasilimaliwatu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na ya tatu nilikuandikia wewe mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi. Nimeitwa vikao viwili. Katika kikao cha pili niliambiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi, na sasa msimu mwingine wa alizeti unakaribia kuanza bila mimi wala wenzangu kuiona kazi hiyo. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sikulitaja jina la kiwanda, kwa sababu sina nia ya kuiharibia sifa kazi inayolisha watoto wangu. Nyinyi mnajijua, na yawezekana viwanda vingine vya hapa kanda ya kati vikajiona ndani ya barua hii.

Ninayoyaandika yanatokana na usiku mmoja wa Julai, mwaka jana.

Ilikuwa saa nane usiku, katika baridi ile ya kipupwe ambayo mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Skrubu ya kulishia mbegu kwenye mashine namba 3, yaani chuma kinachozunguka na kusukuma mbegu ndani, iliziba, kwa sababu mbegu zilikuja na makapi ya vichwa vya alizeti na nyuzi za viroba, na chekeche la kusafishia lilikuwa bovu tangu Juni. Mwenzetu mmoja, kibarua wa miaka 23 aliyetoka Chemba kuja kutafuta riziki ya msimu, alifanya kama alivyotuona sisi wakongwe tukifanya: alichukua kijiti akaanza kuchokonoa huku mashine ikizunguka. Kijiti kilipokatika aliingiza vidole. Alikuwa amevaa koti lake la nyumbani lenye mikono mipana, kwa kuwa ovaroli hupewa waajiriwa wa kudumu peke yao, na skrubu ilishika mkono wa koti kwanza kabla ya kushika mkono wake. Kutoka nilipokuwa nimesimama hadi kwenye swichi ya kuzimia kuna hatua kumi na moja. Nilizihesabu siku iliyofuata, nikarudia kuzihesabu. Kijana alipoteza kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, na kabla pikipiki haijaondoka alielekezwa aseme kwamba aliumia akipasua kuni nyumbani. Ubao mkubwa ulioko langoni ulikuwa unasomeka siku 211 bila ajali, na mlikuwa mmeahidi kwamba zamu itakayofikisha siku 250 kila mtu wake atapata mfuko wa unga wa kilo 25 pamoja na fedha taslimu. Asubuhi, wakati tunatoka, mtunza lango alikuwa amekwisha kuifuta namba kwa kitambaa na kuandika 212.

Lazima niseme ukweli wote, hata ule unaotuhusu sisi. Waliomsihi kijana yule asiseme hawakuwa wasimamizi peke yao. Walikuwemo wenzake, watu wazima wenye ada za shule za kulipa na kodi za vyumba, ambao walijua kwamba neno lake moja lingewanyima watu 34 unga na fedha. Siwalaumu kwa urahisi, kwa sababu mimi mwenyewe nilinyamaza hadi saa tatu asubuhi.

Hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Zawadi yenu inalipia ukimya.

Naamini mlipoweka ubao ule mlikuwa na nia njema, na mlitaka tuwe waangalifu. Lakini mfanyakazi hana uwezo wa kuamua kama ajali itatokea au haitatokea. Anachoweza kuamua ni kama ataisema au hataisema. Ukimlipa kwa sababu ajali haikuandikwa, umemlipa kwa asiyoyasema. Tangu ubao ule uwekwe, daftari la huduma ya kwanza la zamu yetu limebaki karibu jeupe, wakati mimi mwenyewe nimefunga majeraha ya moto wa mafuta, nimeng'oa vipande vya chuma kwenye vidole vya watu, na nimemshuhudia mama mmoja wa ghala akiteleza kwenye mafuta yaliyomwagika na kukaa wiki nzima akichechemea huku akisema kwamba ni baridi yabisi.

Madhara hayaishii kwenye daftari. Kampuni inachangia kila mwezi nusu asilimia ya mishahara katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko huo upo kwa ajili ya matibabu ya aliyeumia kazini, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki. Kijana aliyeandikwa kwamba alipasua kuni hawezi kudai chochote huko. Mmelipa mchango, halafu mmemzuia aliyelipiwa asiufikie. Amerudi kwao na mkono wenye vidole vitatu, na jembe linashikwa kwa mikono miwili.

2. Mdomo unasema tusimame, malipo yanasema tuendelee.

Hii ndiyo hoja ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na naomba mniruhusu nikae nayo.

Ukutani mmebandika maneno "Zima mashine kabla ya kugusa". Ni maneno sahihi, na hakuna mtu kwenye zamu yetu asiyeyajua. Lakini asiyewahi kuendesha mashine ya kukamua huenda hajui kwamba mashine hiyo haizimwi kama taa. Ikizimwa ikiwa imejaa, mashudu yaliyomo ndani, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, hupoa na kukaza kama saruji, na kuiwasha tena kunahitaji kuifungua, kuyachimba mashudu kwa patasi, kuifunga na kuipasha moto upya. Kazi hiyo inaweza kula saa nzima. Bonasi yetu inahesabiwa kwa tani zinazokamuliwa kwa zamu, na msimamizi wa zamu hupimwa kila Ijumaa kwa namba hiyohiyo mbele ya wasimamizi wenzake. Kwa hiyo mtu anayefuata bango la ukutani anawakatia wenzake kipato na kumtia aibu mkubwa wake, na anayechokonoa mashine inayozunguka anaitwa fundi. Nimesikia kwa masikio yangu kijana akisifiwa mbele ya zamu nzima kwa kuzibua skrubu bila kuizima, na aliyesifiwa siku ile ndiye yule aliyekatika vidole wiki tatu baadaye.

Mtu hujifunza tabia kwa kuangalia nani anapewa shukrani na nani anagombezwa, na semina ya saa mbili kwa mwaka haiwezi kushindana na bonasi ya kila mwezi.

3. Kila ajali inaitwa uzembe.

Mkufunzi mliyemleta mwaka jana alituambia kwamba asilimia 88 ya ajali husababishwa na matendo ya wafanyakazi wenyewe. Nilikwenda kuitafuta namba hiyo inakotoka. Ilitolewa na Mmarekani Herbert William Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya bima, mwaka 1931, naye aliipata kwa kupitia mafaili ya madai ya bima na taarifa za ajali za viwandani. Taarifa za namna hiyo kwa kawaida huandikwa na wasimamizi, na msimamizi anayeandika kuhusu ajali iliyotokea chini yake ana kila sababu ya kuliona kosa kwenye mkono wa aliyeumia. Wataalamu wa usalama wameikosoa namba hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Hata tukiikubali, haitufikishi mbali. Taarifa ya ule usiku wa Julai, kama ingeandikwa, ingesema kwamba mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, na ni kweli aliuingiza. Lakini kinga ya skrubu ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa pembeni kwa miezi mitatu, kwa kuwa imefungwa kwa nati nane na zamu nzima ina spana moja. Chekeche lilikuwa bovu. Swichi ilikuwa hatua kumi na moja. Koti lilikuwa la nyumbani. Kuzima kungekula bonasi. Mkono ndio uliomalizia, lakini mambo hayo matano yalikwisha kutangulia, na hakuna hata moja ambalo kijana yule alikuwa na mamlaka ya kulibadilisha.

Heinrich huyohuyo aliandika kwamba nyuma ya kila ajali moja kubwa kuna ndogo 29 na matukio 300 ambayo hayakumuumiza mtu. Uwiano huo nao umepingwa, lakini maana yake inajulikana kwa kila mtu wa mashine. Kabla ya usiku ule, mikono ya nguo ilikwisha kunaswa na skrubu ile mara tatu ninazozijua mimi, na kila mara mtu alichana nguo yake, akacheka kwa hofu, akaendelea na kazi. Kama kungekuwa na mahali pa kuyasema hayo bila kuitwa mzembe, mngekuwa mmeonywa mara tatu.

4. Vibarua hawahesabiwi.

Katika miezi ya msimu zaidi ya nusu ya zamu ya usiku ni vibarua wanaoletwa na wakala. Hawapewi ovaroli, hawapewi buti, na mafunzo yao ni kuoneshwa mahali pa kusimama. Sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga kwa anayekabiliwa na hatari, na skrubu haiulizi nani ana mkataba wa kudumu.

5. Uchovu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na haimruhusu mtu kuvuka saa 12 kwa siku hata akijumlisha za ziada. Mwezi Julai na Agosti tulifanya zamu za saa 12 kwa siku saba mfululizo bila mapumziko ya wiki. Saa nane usiku ya siku ya saba, mtu hata akiwa mwangalifu namna gani, macho yanamkatalia.

Ndugu Mkurugenzi, majibu niliyopewa kwenye vikao ninayakumbuka, na si haki niyapite bila kuyagusa.

Niliambiwa kwamba wafanyakazi hawavai vifaa hata wakipewa. Kuna ukweli hapo, na nimewahi kugombana na wenzangu kwa sababu hiyo. Lakini miwani iliyonunuliwa inashika mvuke wa mafuta ndani ya dakika tano, hata mtu haoni anachokigusa, na glavu zilizoletwa zote ni za saizi moja kubwa. Tena karibu na sehemu inayozunguka glavu ni hatari yenyewe, kwa sababu inanaswa na kuvuta mkono. Laiti wangeulizwa watu watatu tu wa zamu kabla ya kununua, fedha hiyo isingepotea.

Niliambiwa pia kwamba wafanyakazi wakipewa ruhusa ya kusimamisha mashine wataitumia kupumzika. Atakayefanya hivyo ataonekana, maana mashine ina mita na zamu ina macho, na aadhibiwe kwa hilo. Haiwezekani kumkatalia kila mtu ruhusa kwa hofu ya mmoja. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba ina hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, na tangu Juni 2022 shirika hilo limeyaweka mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki na kanuni za msingi za kazi.

Jibu la tatu lilikuwa gharama. Bawaba mbili za kuifanya kinga ifunguke kama mlango, na swichi ya kukata umeme pindi kinga inapofunguliwa, ni kazi ambayo fundi umeme wetu amekwisha kuniambia kwamba anaiweza kwa siku moja kwa kila mashine. Kamba ya dharura ya kuzimia, iliyonyooshwa kando ya skrubu ili mtu aifikie pale alipo, ni ndogo kuliko hiyo. Na yapo mambo yasiyo na gharama kabisa. Wafanyakazi wa reli za Japani wana desturi ya kunyoosha kidole kwenye taa au swichi na kutamka kwa sauti hali yake kabla ya kufanya jambo. Katika jaribio la taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo mwaka 1994, makosa yalishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100. Nimeanza kuijaribu na watu wanne wa zamu yangu. Kabla ya kugusa tunanyoosha kidole na kusema, "Imezimwa, ufunguo ninao." Siku za kwanza waliona haya. Sasa mmoja akisahau, wenzake wanamkumbusha.

Kwa hayo yote, kwa heshima, ninaomba yafuatayo:

(a) Ubao wa siku bila ajali uondolewe langoni, na zawadi yake ifutwe. Fedha hiyohiyo itumike kuwatuza wanaotoa taarifa za hatari, hasa taarifa ambazo zimesababisha kitu kurekebishwa, na majina ya waliorekebisha yabandikwe pamoja na ya walioripoti.

(b) Tamko la maandishi, lenye saini ya Mkurugenzi, kwamba mfanyakazi yeyote, wa kudumu au kibarua, anaweza kusimamisha mashine anapoona hatari, na kwamba muda uliosimama kwa sababu hiyo hautahesabiwa katika bonasi ya tani ya mtu wala katika tathmini ya msimamizi wake. Bila kipengele hiki cha pili, cha kwanza kitabaki karatasi.

(c) Kinga zote zirudishwe na kuwekewa bawaba na swichi kabla ya mzigo wa kwanza wa alizeti kuingia, chekeche litengenezwe, na kila mwendesha mashine apewe kufuli yake na ufunguo wake, ili mashine inayosafishwa isiweze kuwashwa na mtu mwingine.

(d) Vibarua wapewe ovaroli zenye mikono ya kubana, buti, na siku moja ya mafunzo yenye malipo kabla ya kugusa mashine, na zamu zipangwe ndani ya saa za sheria.

(e) Kila ajali ichunguzwe na kamati yenye wafanyakazi ndani yake, na swali la kwanza liwe ni nini kilichomfanya aliyeumia aone kwamba njia ile ndiyo nzuri.

(f) Ajali ya Julai iandikwe upya kama ilivyotokea na taarifa yake ifikishwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili kijana yule apate haki yake. Niko tayari kutoa ushahidi, na wapo wengine wawili wa zamu ile walioniambia kwamba nao wako tayari.

Ombi la (f) haliwezi kusubiri kikao kingine. Kwa mengine, ninaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, kwa kuwa wakulima wa Kongwa na Chemba watakuwa wameanza kuvuna na malori yatakuwa njiani.

Tarehe 28 Aprili iliyopita, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, mlitupa fulana na kutuhutubia asubuhi, wakati zamu ya usiku ilikuwa imelala majumbani. Ningependa, Ndugu Mkurugenzi, uje usiku. Wiki hii na wiki ijayo niko zamu kuanzia saa 12 jioni, karibu na mashine namba 3, na nitakuonesha kila kitu nilichokiandika hapa, kuanzia zile nati nane hadi mahali ilipo swichi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwakilishi wa Wafanyakazi wa Usalama na Afya,
Zamu ya Usiku

Nakala:
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi
Ofisa Kazi, Mkoa wa Dodoma
Tawi la Chama cha Wafanyakazi kiwandani